Flightradar24 na ndege zilizoponea chupuchupu: inachoonyesha na inachoficha

Mara kwa mara husambaa WhatsApp picha ya alama mbili za ndege zilizokaliana juu ya Ziwa Victoria, na maneno kwamba zilikuwa karibu kugongana. Nyingi ya picha hizo hutoka Flightradar24, programu ya Kiswidi inayochora mwendo wa ndege duniani papo kwa papo. Ni programu bora, na toleo la bure linawatosha watu wengi. Ila kabla hujamtia hatiani mwongozaji wa ndege wa Entebbe, ijue mipaka yake.

Gusa kila alama usome kimo. Kati ya futi 29,000 na 41,000, ndege mbili zikiachana futi 1,000 zinaruhusiwa kupishana moja juu ya nyingine. Kwa kanuni ya kawaida, inayoelekea magharibi hupewa maelfu shufwa na inayoelekea mashariki maelfu witiri. Kwa hiyo 36,000 na 37,000 zikikutana juu ya Masaka, kazi imefanyika sawasawa. Ramani ni bapa, nayo alama ya ndege imechorwa kubwa kuliko ndege yenyewe mara nyingi sana. San Francisco, kwa miaka mingi, ndege mbili zilionekana zikitua kama zimeshikana mabawa. Njia zake mbili za kutulia, 28L na 28R, zimeachana futi 750 tu, na hilo lilikuwa jambo la kila siku.

Karibu na ardhi kimo kinadanganya zaidi. Namba unayoisoma hupimwa kwa kanieneo (mgandamizo) ya hewa ya kawaida ya hektopaskali 1013.25, si kanieneo ya kiwanja siku hiyo, na kila hektopaskali moja ya tofauti ni takriban futi 27 hadi 30. Isitoshe, Entebbe iko futi 3,782 juu ya usawa wa bahari. Ndege inayosomeka futi 4,800 imebakiza kama futi 1,000 kufika chini. Ndege nyingi hutangaza kimo kwa hatua za futi 25, hivyo ubishi wa futi kumi au ishirini hauamuliwi kwa programu hii.

Kisha tazama data imetoka wapi. ADS-B ni ndege yenyewe kutangaza mahali ilipo, na hiyo ndiyo ya kuaminika. MLAT ni makadirio ya vipokezi vya ardhini visivyopungua vinne vinavyolinganisha muda wa kufika mawimbi. Ndege ikiwa chini sana, au vipokezi vikiwa vichache, alama huruka-ruka. Ukiona neno Estimated, programu inakisia njia tu. Usijenge tuhuma juu ya hiyo.

Kasoro kubwa kuliko zote ni ndege zisizoonekana vizuri au zisizoonekana kabisa. Helikopta ya jeshi iliyogongana na ndege ya abiria Washington, 29 Januari 2025, watu 67 wakafa, haikuwa ikitangaza ADS-B. Ndege ndogo nyingi za viwanja kama Kajjansi zinaweza kukosekana pia, na anga ya chini yenye ndogo na kubwa pamoja ndiyo ya kuogopwa: 5 Machi 2024 karibu na uwanja wa Wilson, Nairobi, Cessna 172 ya mafunzo iligongana na Dash 8 ya abiria, wawili wakafariki.

Wala programu haikupi sauti ya redio kati ya rubani na mnara, na kosa la mwongozaji hukaa katika sauti. Austin, Marekani, 4 Februari 2023, katika ukungu, mnara uliiruhusu ndege ya Boeing 737 ya shirika la Southwest kupaa huku Boeing 767 ya mizigo ya FedEx ikiwa imesharuhusiwa kutua njia hiyo hiyo. Zilipishana kwa chini ya futi 200. Ramani inaonyesha FedEx ikipanda tena. Haisemi nani aliruhusu nini. Na ndege kupanda tena bila kutua, peke yake, si tukio la hatari. Ni utaratibu wa usalama, hata kama sababu ni upepo tu.

Ukitaka kurudia tukio, tumia playback, yaani sehemu ya kurudisha mwendo uliopita, na uweke saa za UTC, saa za kimataifa. Saa 12:00 ya UTC ni saa tisa alasiri Kampala. Wengi hukosea hapo na kuchunguza ndege nyingine kabisa. Bila malipo unapata historia ya siku 7; kwa madaraja ya kulipia, Silver siku 90, Gold mwaka mzima. Kwa tukio la wiki hii usilipe chochote.

Njia bora kwa aliye na paa zuri ni kuirushia Flightradar24 data mwenyewe: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kipokezi cha USB cha RTL-SDR na antena ya 1090 MHz. Anayetoa data hupewa daraja la Business bure. Antena iwe nje na ione anga pande zote, maana mawimbi haya hayapiti kilima. Ndege iliyo futi 35,000 unaweza kuipata hata kilomita 400. Iliyo futi 1,000 juu ya ardhi, kama 70 tu, na milima ya Kampala itapunguza zaidi. Waya wa antena uwe mfupi kadiri inavyowezekana, na Pi iwe na betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika ghafla kadi ya kumbukumbu huharibika upesi.