Jarida la maisha ya Pwani: waandishi wake wakisomwa kutoka Lamu

Jarida la maisha la Pwani likifika Lamu lina wasomaji wa aina mbili. Wa kwanza ni mgeni anayelifungua ndani ya boti inayovuka kutoka Mokowe, bara, akitafuta pa kula, pa kulala na pa kwenda kesho asubuhi. Wa pili ni mwenyeji: fundi, nahodha, mpishi, mwenye nyumba ya wageni. Huyu analisoma kuona kama mji wake umeandikwa sawasawa, kwa sababu mgeni akifuata maelezo mabovu, anayebaki na lawama ni nahodha wala si mwandishi. Hapa tumelisoma toleo zima la Lamu, makala sita, kwa kipimo kimoja: msomaji akifanya kama alivyoambiwa, kitu kitatengenea?

Makala ya nyumba za mawe ndiyo bora kuliko zote, na ubora wake uko ukutani. Mwandishi huyu amekaa na fundi mpaka kazi ikaisha, hilo halifichiki. Anaeleza vizuri kwamba jiwe la tumbawe hunyonya unyevu kutoka chini na kuutoa kwa nje, na kwamba plasta ya chokaa huuachia unyevu huo upite. Anatoa kipimo: ndoo moja ya chokaa iliyozimwa kwa ndoo tatu za mchanga. Anasisitiza mchanga uoshwe kwa maji matamu, maana mchanga wa ufuoni huja na chumvi yake. Ukuta uloweshwe kwanza, la sivyo jiwe kavu litafyonza maji ya plasta kabla haijashika. Tabaka liwe jembamba, sentimita moja hivi, na linalofuata lisipigwe mpaka la chini liwe gumu kiasi kwamba kidole gumba hakiachi alama. Baada ya hapo gunia lililoloweshwa linatundikwa mbele ya ukuta kwa siku kadhaa ili jua lisiukaushe kwa haraka. Mtu mwenye nyumba mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, anaweza kulichukua jarida hili akasimama nalo kando ya fundi wake, akajua lini kazi inaharakishwa.

Vilevile amelieleza jambo ambalo wengi hulikwepa kwa kuogopa kuudhi watu: simiti juu ya tumbawe ni hasara. Simiti huzuia unyevu kutoka. Maji yanabaki ndani ya jiwe, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta na kuisukuma, na baada ya misimu michache ya mvua vipande vinabambuka vikiwa vimeshikana na ngozi ya jiwe lenyewe. Mwenye nyumba akiona hivyo huongeza simiti, na ukuta unazidi kuoza. Aya hiyo peke yake inatosha kulinunulia jarida.

Ila kuna pengo moja la hatari. Mwandishi anasema chokaa "huchanganywa na maji" kabla ya kuachwa shimoni wiki kadhaa, halafu basi. Chokaa hai, yaani ambayo bado haijazimwa, ikikutana na maji huchemka kwelikweli. Mpangilio ni kuweka maji kwanza, kisha kutia chokaa kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mti mrefu, uso umegeuzwa pembeni na macho yamekingwa. Ukimwaga maji juu ya lundo la chokaa, yanaruka, na tone likiingia jichoni linaunguza. Makala yenye picha kumi na mbili isingekosa nafasi ya sentensi mbili za kuokoa jicho la mtu.

Kosa dogo zaidi kwenye makala hiyohiyo: anasema vyumba ni vyembamba na virefu kwa ajili ya faragha. Faragha ya nyumba ya Lamu iko kwenye mpangilio, kutoka daka (kibaraza cha mlangoni) na tekani (ukumbi wa kuingilia) mpaka ndani kabisa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Upana wa chumba umeamuliwa na boriti. Dari inabebwa na miti ya mikoko, na mkoko mnyoofu wenye unene wa kuhimili sakafu ya mawe juu yake hautoshi kuvuka zaidi ya mita tatu hivi. Chumba kikaongezwa kwa urefu kwa sababu kwa upana hakikuwa na njia.

Sasa makala ya safari, na hapa ndipo waandishi wa siku tatu wanapojulikana. Msomaji anashauriwa kwenda magofu ya Takwa, Kisiwani Manda, na shauri ni jema: mji wa kale wenye ukuta wake, msikiti wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, mibuyu na kimya. Kisha anaambiwa aondoke Lamu saa tatu asubuhi baada ya chai. Saa tatu ya siku gani? Takwa inafikiwa kwa boti kupitia hori, mkono mwembamba wa bahari kati ya mikoko, na hori hiyo inapitika maji yakiwa yamejaa. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, maji huku kwetu hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na alasiri. Ukifika saa nne asubuhi siku hizo, hori imebaki tope na mizizi. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo wiki moja baadaye kujaa kunaangukia karibu saa nne asubuhi. Yaelekea mwandishi alikwenda katika siku hizo, akaifanya saa yake kuwa kanuni ya mwaka mzima. Na hata siku hizo zina taabu yake, kwa kuwa ni maji mafu: hayajai sana, na boti nzito inaweza kuwaacha abiria mbali wamalizie kwa miguu majini.

Maelezo sahihi yangechukua nafasi ndogo kuliko sifa za machweo alizoandika. Muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi. Ingia horini saa moja kabla ya hapo. Tembea magofuni, urudi chomboni maji yangali juu. Ukichelewa, chombo kinakaa kwenye tope, nanyi mnakaa nacho mpaka maji yarudi, na hapo ni saa nyingi, pengine gizani, na mbu wa mikokoni hawana huruma. Vaa viatu vinavyoweza kulowa. Beba maji ya kunywa.

Hali ni hiyohiyo kwa matembezi ya Lamu hadi Shela. Dakika 40 kwa mguu kando ya pwani, kama walivyoandika, lakini maji yakijaa sehemu za njia hufunikwa. Mzee mwenye mkongojo au mama mwenye mtoto wa kubeba angeambiwa mapema achukue boti wakati wa kwenda au wa kurudi.

Kalenda nayo imewashinda. Maulidi ya Lamu yameandikwa kuwa "kila mwaka mwezi wa Juni". Maulidi ni ya Mfungo Sita, mwezi wa kalenda ya Kiislamu, na mwaka wa mwezi muandamo ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo kila mwaka yanarudi nyuma. Mtu atakayepanga safari ya kuja kusikia matari ya msikiti wa Riyadha kwa kulitegemea jarida la zamani atakuta uwanja mtupu. Kwa hesabu hiyohiyo, orodha yao ya pa kula mchana haina neno lolote kuhusu Ramadhani, mwezi ambao jikoni nyingi za mjini hufungwa mpaka magharibi. Mhariri anayepanga toleo miezi kadhaa mbele hana budi kuwa na kalenda mbili mezani.

Ukurasa wa mapishi unarudisha heshima. Samaki wa kupaka ameandikwa na mtu anayepika. Changu wa kilo moja, chanjo tatu kila ubavu zifike mfupani, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa na chumvi vikae saa moja. Nazi mbili zilizokomaa, tui la kwanza likamuliwe kwa maji kikombe kimoja na nusu tu. Kisha anaeleza sababu, na hilo ndilo linalomtofautisha na wanaonakili: tui zito likiachwa lichemke bila kukorogwa hukatika, likawa mafuta juu na maji chini, na ukwaju ukitiwa mapema huharakisha kukatika huko. Kwa hiyo moto mdogo, mwiko uende upande mmoja bila kusimama, ukwaju wa mwisho kabisa tui likishakuwa zito. Samaki awe ameiva nusu juu ya makaa kabla hajapakwa, kwa sababu akipakwa mbichi, tui litaungua nje na nyama itabaki na maji ndani. Tungeongeza jambo moja tu. Makaa yawe yamevaa jivu jeupe, kwani tui likidondokea makaa yenye ndimi za moto linatoa moshi mchungu, na samaki anaunusa mpaka sahani.

Maelezo ya picha yanaonekana kuandikwa na mtu mwingine kabisa, tena ofisini. Ngome ya Lamu inatajwa kuwa ya Wareno. Ilianza kujengwa 1813 ikamalizika 1821, katika zama za Vita vya Shela, na Waomani ndio waliokuwa na mkono ndani yake. Wareno walikuwa wameshapoteza Mombasa zaidi ya miaka 80 kabla ya hapo. Kila chombo chenye tanga kimeitwa jahazi, ilhali viwili kati ya vilivyopigwa picha ni mashua, chombo kidogo kuliko jahazi. Na penye picha nzuri ya mabaharia wakivuta kamba, imeandikwa kwamba wanapandisha tanga kwenye mlingoti. Tanga hufungwa kwenye foromali, mti mrefu unaolibeba, na foromali ndiyo inayopandishwa. Neno hilo moja lingemfanya mgeni aelewe kwa nini chombo kikibisha, yaani kikienda mshazari dhidi ya upepo na kugeuza upande, mabaharia wanakimbilia mbele kuihamisha foromali upande wa pili.

Kuna makala mbili za hoteli, na tunaamini zimelipiwa ingawa hazikuandikwa hivyo. Dalili si ngumu kuziona. Hakuna bei. Hakuna hata kasoro moja, wakati kila nyumba ya Shela ina angalau suala la maji, la umeme au la ngazi. Picha zote ni zile zile za hoteli yenyewe. Mwandishi hasemi alilala chumba gani, kinaelekea wapi, wala kama upepo wa kusi unafika. Sehemu kadhaa hufunga baina ya Aprili na Juni, msimu wa masika, na makala ya kweli ingesema hivyo kwenye aya ya kwanza. Kulipiwa si dhambi, jarida lina gharama za uchapaji. Lakini neno "tangazo" juu ya ukurasa ni haki ya msomaji aliyetoa pesa zake.

Makala tano kati ya sita zinafungua kwa kusema Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Ni kweli, na mara moja ingetosha. Nafasi nne zilizobaki zingewekewa saa za maji, nauli ya boti, na jina la mtaa ambao punda wamezagaa asubuhi kiasi kwamba mwenye mkokoteni hapiti.

Linalotuuma zaidi ni majina. Mwenye hoteli ametajwa kwa majina mawili. Mpambaji aliyechagua mito ametajwa. Mshona kofia ambaye mkono wake unapitisha sindano kwenye tundu dogo kuliko punje ya mchele, miezi kwa kofia moja, ameitwa "mzee wa Siyu". Mjenzi wa vyombo ni "fundi wa Matondoni". Kama walikataa kutajwa, ingeandikwa hivyo. Katikati ya jarida kuna picha ya kurasa mbili: mikono ya mpiga plasta, chokaa imekauka kwenye mistari ya viganja, mwiko umeinuliwa, ukuta ungali unang'aa kwa maji. Chini yake limeandikwa jina la nyumba, la mwenye nyumba na la mpiga picha. Mikono imekatwa kwenye viwiko.