Chai Ipi Ununue Kwanza? Mwongozo kwa Anayetaka Kuonja na Kuandaa Chai Mbalimbali Nyumbani

Anayetaka kuzifahamu chai mbalimbali kwa ulimi wake mwenyewe hukutana mapema na tatizo la kununua, kwa kuwa chai zinazouzwa ni nyingi mno na majina yake ni mengi zaidi, ilhali zote zilizo chai halisi zimetokana na mmea mmoja, Camellia sinensis. Kinachotenganisha chai ya kijani na chai nyeusi ni yale yaliyolipata jani baada ya kuchumwa: limeachwa linyauke kwa muda gani, limesokotwa au limekatwakatwa, na vimeng'enya vyake vimeachiwa nafasi kiasi gani ya kufanya kazi pamoja na hewa kabla ya joto kuvizima. Mwongozo huu unazipanga chai hizo kwa kigezo kimoja tu, nacho ni kiasi ambacho pakiti moja inaweza kumfundisha mnunuzi mwenye vyombo vya kawaida vya jikoni, ambaye bila shaka atakosea joto la maji au muda mara kwa mara. Kwa sababu hiyo mpangilio huu haufuati bei wala sifa za sokoni, na zipo chai tukufu nilizozishusha chini kwa kuwa hazimfai anayeanza.

Kabla ya kuchagua aina, yafaa kuamua umbo la kununua. Chai iliyo katika vifuko vya karatasi kwa kawaida ni chembe ndogo na vumbi linalobaki baada ya majani makubwa kuchekechwa. Kwa kuwa chembe hizo zina eneo kubwa la kugusana na maji, hutoa karibu kila kitu kwa dakika moja au mbili, na mnywaji hana nafasi ya kuona kipi kimetangulia na kipi kimefuata. Majani yaliyo wazi humpa nafasi hiyo. Hata hivyo asihadaike na herufi zinazoandikwa juu ya pakiti, kama OP, BOP au FBOP, akidhani ni alama za ubora, kwani herufi hizo hueleza hasa ukubwa na hali ya jani. Taarifa zenye thamani zaidi ni eneo mahususi lililotoa chai, msimu wa kuchuma, na mwaka. Pakiti inayosema tu kwamba ndani yake mna chai bora iliyoteuliwa haijasema chochote. Kwa chai mbili mashuhuri kuna msaada wa ziada: Darjeeling ya India ina nembo yake na jina lake linalindwa kisheria tangu 2004 kwa ajili ya chai inayotoka eneo hilo tu, na chai ya Sri Lanka yenye nembo ya simba ya Bodi ya Chai ya nchi hiyo ni chai isiyochanganywa na ya nchi nyingine, tena iliyopakiwa hukohuko. Kuhusu kiasi, gramu 50 zinatosha kwa mara ya kwanza. Ni takriban vikombe 20, na pakiti tatu ndogo za aina tofauti hufundisha zaidi kuliko pakiti moja kubwa.

Nafasi ya kwanza ni ya oolong. Hii ni chai iliyooksidishwa kwa sehemu tu, na sehemu hiyo inaweza kuwa ndogo hata chai ikakaribia ya kijani, au kubwa hata ikakaribia nyeusi, kwa hiyo mwenye kuionja hupata kuzijua pande zote mbili. Tieguanyin ya Anxi, katika jimbo la Fujian nchini China, kwa mtindo unaopendwa siku hizi huwa ya kijani na yenye harufu ya maua; chai za milima ya Wuyi, katika jimbo hilohilo, huokwa juu ya makaa na kuwa na ladha nzito inayokaribia ile ya nafaka iliyokaangwa; Dong Ding ya Taiwan hukaa katikati ya hizo mbili. Ipo pia Dongfang Meiren ya Taiwan, ambayo harufu yake ya asali hutokana na wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa jani changa, kwa kuwa mmea hujibu shambulio hilo kwa kutengeneza kemikali zenye harufu. Ni nadra mkulima kuwafurahia wadudu shambani mwake.

Lakini sababu kubwa ya kuiweka oolong juu ni kwamba jani lake huvumilia kutiwa maji mara nyingi. Gramu 5 katika chombo cha mililita 120, kwa maji ya nyuzi 95 za Selsiasi, zinaweza kutiwa maji mara tano au sita, kila mara kwa sekunde 30 hivi na kuongezwa kidogo kadiri nguvu inavyopungua. Maji ya kwanza huwa na harufu kuliko ladha, kwa kuwa majani yaliyoviringishwa kama punje bado hayajafunguka. Ya pili na ya tatu huwa mazito. Kuanzia ya nne uzito huondoka na utamu mwembamba hubaki. Huko ni kuonja chai kadhaa kutoka pakiti moja, tena chai inayosamehe, maana mtu akiisahau kwa dakika nzima ataikuta imekolea zaidi bila kuwa imeharibika. Tahadhari moja ya mnunuzi inahusu ile inayoitwa oolong ya maziwa. Aina ya mmea iitwayo Jin Xuan kwa kweli hutoa chai yenye dalili nyepesi ya harufu ya maziwa, ila nyingi zinazouzwa kwa jina hilo zimetiwa manukato. Ikiwa harufu inakupiga puani mara ufunguapo pakiti, kisha inatoweka kufikia maji ya pili, umenunua manukato.

Ya pili ni chai nyeusi iliyosokotwa kwa njia ya zamani, jani likiwa zima au limevunjika kidogo. Hapa jani limeachiwa hewa mpaka sehemu kubwa ya katekini zake, yaani kemikali za asili za jani bichi, imegeuka kuwa theaflavini, ambazo huipa chai uchangamfu na ukakasi mkali kidogo, pamoja na thearubigini, ambazo huipa rangi na uzito. Assam ya India ina uzito na harufu ya kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa. Dianhong ya Yunnan, China, ina machipukizi ya rangi ya dhahabu na ulaini. Keemun ya Anhui, pia nchini China, ambayo ilianza kutengenezwa miaka ya 1870, ni ya upole na ina kivuli cha moshi. Uva ya Sri Lanka huwa kali na ya kuchangamsha kinywa. Gramu 2.5 kwa mililita 200 za maji yanayochemka, kwa dakika tatu hadi nne, hutosha kwa karibu zote. Darjeeling ya mchumo wa kwanza, ule wa Machi na Aprili, haifuati kanuni hiyo, kwa sababu hunyaushwa sana na haioksidiki kikamilifu. Ipewe maji ya nyuzi 90 na dakika tatu, la sivyo itakuwa chungu na mnunuzi ataishutumu bure. Chai hizi zionjwe kwanza bila maziwa, kwani protini za maziwa hushikamana na polifenoli, kundi la kemikali linaloleta ukakasi katika chai, na kuupunguza ukakasi huo, yaani sehemu kubwa ya kile anachokusudia kukipima.

Nikizungumzia kupima, iko njia rasmi inayofaa kujulikana. Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa mwaka 1980 kiwango namba 3103, kinachoagiza gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka hivi punde, kwa dakika sita. Chai inayopatikana ni kali kupita ile ambayo watu wengi wangependa kuinywa, lakini lengo la kiwango hicho ni kulinganisha chai mbili katika hali moja, na nguvu hiyo hufichua kasoro ambazo chai nyepesi ingezificha. Kwa mnunuzi aliyeleta pakiti mbili za aina moja na asiyejua ipi ya kurudia, sijaona njia iliyo bora kuliko hii. Aziandae zote mbili kwa wakati mmoja, anuse majani makavu na kisha yaliyolowa, halafu avute chai kutoka kijikoni pamoja na hewa, kwa sauti bila kuona haya, ili harufu ipande nyuma ya pua. Ajifunze pia kutenganisha uchungu, ambao ni ladha inayohisiwa na ulimi, na ukakasi, ambao ni hisia ya kukaza na kukauka katika kinywa kizima. Wengi huviita vyote uchungu, na kwa hiyo hushindwa kujua ni kipi kiwafanye wapunguze joto la maji au muda. Anapobadilisha kitu, abadilishe kimoja tu kwa mara moja.

Nafasi ya tatu ni ya chai ya kijani ya China iliyokaangwa. Joto la karai huvizima vimeng'enya mapema, na jani hubaki na harufu ya njugu zilizokaangwa, hasa Longjing ya Hangzhou, ambayo majani yake hubanwa mpaka yakawa bapa. Inayochumwa kabla ya sikukuu ya Qingming, mwanzoni mwa Aprili, ndiyo inayothaminiwa zaidi, ingawa anayeanza hatapoteza kitu akinunua ya baadaye kidogo. Maji yawe ya nyuzi 75 hadi 80, kwa dakika mbili au tatu. Asiye na kipimajoto hahitaji kukinunua: sehemu tatu za maji yanayochemka zikichanganywa na sehemu moja ya maji safi yenye joto la kawaida la chumbani hutoa nyuzi 80 hivi. Anayeishi mahali pa juu akumbuke kwamba kiwango cha kuchemka hushuka takriban nyuzi moja kwa kila mita 300, hivyo kwenye mita 1,500 maji yake huchemka karibu na nyuzi 95. Huko chai ya kijani ni rahisi kuandaa, na chai nyeusi huhitaji muda zaidi kidogo.

Maji yenyewe nayo ni sehemu ya manunuzi. Maji yenye chokaa nyingi hufifisha harufu na kuacha utando juu ya chai, na yale yaliyoondolewa madini yote huifanya chai kuwa dufu, isiyo na uzito kinywani. Yaliyochujwa tu, yenye madini kiasi, ndiyo yanayofaa, na kabla ya mtu kuirudisha chai dukani kwa kulalamika ingefaa aijaribu kwa maji mengine.

Ya nne ni chai ya kijani ya Japani. Sencha hufukizwa kwa mvuke badala ya kukaangwa, kwa njia ambayo Nagatani Soen wa Uji anasifiwa kuitengeneza mwaka 1738, na ladha yake ni ya majani mabichi na ya supu nyepesi kwa pamoja. Gyokuro hutiwa kivuli kwa takriban wiki tatu kabla ya kuchumwa. Mwanga ukipungua, jani hubaki na theanini nyingi zaidi, aina ya asidi ya amino, ambayo ndiyo chanzo kikubwa cha ule utamu mzito. Nimeziweka chini ya Longjing kwa sababu haziwii radhi kosa. Sencha inataka nyuzi 70 na dakika moja, gyokuro nyuzi 50 hadi 60, na zote mbili huchakaa haraka pakiti ikifunguliwa.

Ya tano ni chai nyeusi ya CTC, yaani ile ambayo jani lake hupitishwa kati ya rola zenye meno zinazoliponda, kulirarua na kuliviringa kuwa punje ndogo, kwa mashine iliyobuniwa Assam miaka ya 1930 na William McKercher. Ndiyo inayotengenezwa kwa wingi nchini Kenya na India. Kwa kinywaji cha kila siku chenye maziwa sina la kuilaumu, na mwenye haja hiyo tu anaweza kuipandisha hadi nafasi ya kwanza bila kuniuliza. Ila katika kujifunza kuonja husema yote kwa mara moja na kunyamaza.

Chai nyeupe ya Fuding, China, ni ya sita. Hunyaushwa na kukaushwa tu, na upole wake humpotea ambaye bado hajazoea kutafuta harufu ndogo. Anayeitaka aanze na Bai Mudan, yenye majani na machipukizi, badala ya Yinzhen ya machipukizi matupu. Dai kwamba haina kafeini lisimshawishi, kwani machipukizi machanga yana kafeini nyingi.

Pu'er ya Yunnan ni ya saba, na si kwa udhaifu wake. Iko mbichi, inayokomaa polepole kwa miaka, na iko iliyoivishwa kwa kurundikwa ikiwa na unyevu, njia iliyokamilishwa Kunming mwaka 1973, yenye rangi nzito na harufu ya udongo. Kwa kawaida huuzwa ikiwa imeshindiliwa kuwa mikate ya gramu 357, ambayo ni chai nyingi mno kwa mtu asiyejua kama ataipenda. Anunue kipande.

Chai zilizotiwa manukato naziweka ya nane, na humfundisha mtu manukato zaidi kuliko jani. Ya yasmini iliyolazwa na maua halisi ndiyo ninayoitetea miongoni mwake. Rooibos, mnanaa na kamomili si chai ya mmea huu, kwa hiyo haziko katika mpangilio. Matcha, chai ya kijani ya Japani iliyosagwa kuwa unga, ni ya mwisho: inahitaji chekecheke na kipigio cha mwanzi, haina majani ya kutazama wala maji ya pili, na rangi yake hufifia ndani ya wiki chache.

Kwa upande wa vyombo, kitu cha kwanza kununua ni mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, kwa kuwa kijiko kimoja cha Bai Mudan na kijiko kimoja cha Tieguanyin hutofautiana uzito mara kadhaa. Kinachofuata ni chujio pana la kikapu linaloingia kikombeni. Vile vidude vya waya vya mviringo hulibana jani lisifunguke. Pakiti zilizofunguliwa zihamishiwe katika mikebe isiyopitisha hewa wala mwanga, mbali na viungo, na chai ya kijani inywewe kwanza, ndani ya miezi michache, huku nyeusi na oolong iliyookwa zikisubiri zamu yake.