Rupes LHR15 kwenye Crown nyeusi: mikwaruzo ya duara imeondoka, rangi imebaki

Kwa mwenye gari jeusi anayetaka jibu la haraka: Rupes LHR15, mashine ya umeme ya kupiga polishi, inafanya kazi, na kama wewe si fundi wa rangi, nunua ya aina hii kabla hujafikiria grinda ya polishi.

Mimi nakodisha magari ya harusi Dar es Salaam. Gari langu kuu ni Toyota Crown nyeusi, na kwenye biashara hii mng'aro ndio mtaji. Mchana wa mawingu gari likipita kila mtu anasema safi. Usiku, pale mlangoni mwa ukumbi, mpiga video akiwasha taa yake bibi harusi anaposhuka, kamera inanasa kila kitu: shela, maua, na ule utando wa buibui wa mikwaruzo unaozunguka mwanga kwenye mlango wa nyuma. Mteja halalamiki siku hiyo. Analalamika akiona video.

Mikwaruzo yenyewe haina umbo la duara, ingawa sote tunaiona hivyo. Imelala kila upande, mingine ya wima, mingine ya mlalo, mingine ya kukatiza. Taa huonyesha zaidi ile iliyokingama na mwanga, kwa hiyo jicho linaunganisha vipande na kuona duara. Ukihamisha taa, duara nalo linahama. Na inaletwa na kuosha. Sponji lilelile limetoka kwenye rimu, limechovywa kwenye maji yaleyale ya magari yaliyotangulia, sasa linapita kwenye boneti na mchanga wake. Vumbi linalopanguswa kwa kitambaa kikavu asubuhi nalo linachangia sana, na Dar vumbi halikosekani.

Ukipeleka gari lenye hali hiyo kwa watu wa polishi, mara nyingi utakuta grinda yenye pedi ya manyoya. Inazunguka kwenye mhimili mmoja kwa kasi, inakata haraka, na mikononi mwa fundi anayeijua ni chombo kizuri sana. Mikononi mwa mwenye haraka inapasha rangi joto, inaunguza kingo za milango, na inaacha mistari ya mwanga inayocheza unapotembea kando ya gari. Sehemu moja niliyopeleka gari walilirudisha linawaka, wamelipaka mafuta mazito. Baada ya kuoshwa mara chache mikwaruzo yote ikajitokeza tena, safari hii na mistari ya grinda juu yake. Hapo ndipo nilipoamua kununua mashine yangu.

Rupes ni kampuni ya Italia, na LHR15 ni ya familia yao wanayoiita BigFoot. Ina nguvu ya wati 500. Hiyo 15 ni milimita: sahani inayobeba pedi inayumba kwenye duara la milimita 15, na wakati huohuo inajizungusha. Mashine nyingi za bei nafuu za aina hii huyumba milimita 8. Tofauti unaiona kwenye muda, maana eneo linalofikiwa kwa kila mzunguko ni kubwa zaidi na kazi ya kutwa inapungua. Kwa kuwa pedi haikai njia moja, joto halirundikani mahali pamoja, na ndiyo sababu mtu asiye na uzoefu anaweza kuishika bila kuharibu rangi. Kingo kali bado nazifunika kwa tepu ya karatasi, kwa sababu rangi juu ya kona huwa nyembamba kuliko kwingine.

Mzunguko wa sahani haulazimishwi na mota. Ukikandamiza sana, au ukiegemea upande mmoja, pedi inaacha kuzunguka na inabaki kutetemeka tu, huku mkono wako ukidhani kazi inaendelea. Hii ni tabia ya mashine zote za mzunguko huru. Chukua kalamu ya maka, chora mstari ubavuni mwa sahani. Ukiona mstari unazunguka, kazi inaendelea. Ukisimama, legeza mkono, laza pedi sawa. Kwenye boneti na paa hutakuwa na shida. Chini ya vitasa na kwenye mikunjo ya bampa utaitazama alama hiyo kila dakika.

Sasa rangi. Fungua boneti au mlango utafute kibati cha Toyota, mahali palipoandikwa C/TR ndipo ilipo namba ya rangi. Yangu ni 202, nyeusi tupu isiyo na chembe za fedha, na watu wa polishi duniani kote wanaijua kwa ulaini wake. Inakwaruzika kwa taulo chafu tu. Uzuri wake ni kwamba inasafishika kirahisi pia. Rupes wana pedi za sponji za rangi nne: bluu ni kali, kijani ya kati, njano laini, nyeupe laini zaidi. Nilianza na ya njano na polishi ya Meguiar's M205, eneo dogo la nusu mita kwa nusu mita katikati ya boneti, na sikuhitaji kupanda kwenye kijani wala bluu. Nashauri kila mtu afanye hivyo: anza na kilicho laini, ukague, ndipo upande ngazi kama hakijatosha. Kila polishi inapopita inakula rangi, na kilicholiwa hakirudi.

Hapa kuna jambo ambalo kwangu lina thamani kuliko mashine yenyewe. Pedi ya njano ilipoinuliwa kutoka kwenye boneti ilikuwa nyeusi. Maana yake juu ya ile nyeusi hakuna klia, yaani lile tabaka la juu lisilo na rangi, ninachokisugua ni rangi yenyewe. Milango, vilevile. Nikafika bampa la nyuma, polishi ileile, pedi safi, na haikubadilika hata kidogo, ikabaki na weupe wa polishi. Bampa hilo limepigwa rangi upya, na aliyelipiga amemalizia kwa klia. Kwa macho huwezi kuona tofauti. Kama unanunua gari la mtumba jeusi la 202, dakika chache za polishi kwenye kila kipande cha bodi zinaweza kukuambia kipi si cha kiwandani, na muuzaji hana la kusema.

Utaratibu ninaoufuata: gari linaoshwa, linapitishwa udongo maalumu wa kusafishia rangi (clay) ukiwa na maji ya sabuni mpaka kiganja kikiteleza bila kugusa punje, kisha linakaushwa. Matone manne ya polishi kwenye pedi. Nayasambaza kwa kasi ndogo ili yasiruke ukutani, halafu napandisha swichi mpaka 4 hivi. Mkono unakwenda polepole, sentimita mbili tatu kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliopita. Hapo watu wengi wanaharibu, wanapangusa kama wanafuta meza. Baada ya kila kipande cha bodi pedi inapigwa brashi, la sivyo rangi iliyokufa inarudi kukwaruza. Na fanya kivulini, bodi likiwa baridi. Jua la Dar saa tano linakausha polishi kabla haijafanya chochote.

Kabla ya kushangilia, pangusa eneo hilo kwa spiriti iliyochanganywa na maji. Mafuta ya polishi yanajaza mikwaruzo na kukudanganya, spiriti inayaondoa. Kisha washa taa ya LED yenye mwanga wa nukta moja na uisogeze kando kando. Taa ndefu za dari hazifai kwa ukaguzi huu, zinaficha. Nilipofanya hivyo kwenye ule mlango wa nyuma nilikuta mwanga umekaa peke yake, mkavu, bila nywele hata moja kuuzunguka. Mistari ya grinda nayo ilikuwa imekwenda.

Haikuondoa kila kitu, na usitarajie. Mkwaruzo unaonasa ukucha ni mrefu kwenda chini kuliko unavyotakiwa kuufuata. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima (rangi ya msingi) hadi juu, kwa kawaida ni kama mikroni 100 hadi 150 (mikroni 1,000 ni milimita moja), na kwenye magari yenye klia, klia yenyewe ni kama 40 hadi 50. Unaweza kuufanya usionekane sana. Ukiulazimisha, utafika kwenye praima.

Bei ni kubwa, sitaficha, na pedi nazo zinachakaa. Bodi nzima inataka pedi kadhaa, si moja. Angalia pia plagi. Zinazotoka Ulaya bara zina vichwa viwili vya duara, kwa hiyo utahitaji adapta nzuri, si zile nyepesi zinazopata moto. Umeme ukikatika, wati 500 zinabebwa na jenereta ndogo bila shida.

Nani anunue? Mwenye magari mawili matatu ya rangi nyeusi au bluu iliyokolea, au kijana anayetaka kuanza kazi hii na ana subira. Mwenye gari moja jeupe asinunue, mikwaruzo ya namna hii haionekani sana kwenye nyeupe. Atumie pesa hiyo kwenye ndoo mbili, glavu ya maikrofaiba na taulo nene za kukaushia, ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia glavu. Mimi tangu siku hiyo Crown haioshwi na mtu mwingine, na vijana wangu wanajua sponji la rimu halivuki kwenda kwenye bodi. Kinachofuata kununuliwa ni ile ndogo yao yenye sahani ya milimita 75, kwa ajili ya nguzo za milango na sehemu za chini ya vitasa ambazo hii kubwa haiingii.