Diski ya Secchi kwa kikundi cha ziwa: sahani safi, kamba hovyo

Hiki kifaa cha kupima uwazi wa maji, yaani jicho linaona mpaka kina gani, kilinunuliwa na kikundi chetu cha watu tunaokaa kuzunguka ziwa, hela ya mfuko wa kikundi, kwahiyo maneno yalikuwa mengi kabla hata hakijafika. Wengine walitaka kipimo cha kielektroniki chenye skrini na namba zinazowaka waka, mzee mmoja akauliza maji ya kupimwa ni ya nini wakati macho anayo. Na mzee hakukosea sana maana diski ya Secchi ni macho yako yale yale, ila yamepewa kamba yenye mita.

Kwa ambao hamjawahi kuiona, ni sahani bapa ya plastiki ngumu au chuma, upana sentimita 20, imegawanywa robo nne, mbili nyeusi mbili nyeupe zimepishana, katikati tundu la kamba na chini yake uzito. Unaishusha majini taratibu mpaka ipotee, unasoma kamba, unaipandisha mpaka ionekane tena, unasoma, unachukua wastani wa hizo namba mbili. Basi, imeisha hiyo. Hakuna betri, hakuna dawa ya kuchanganya, hakuna kupeleka chupa maabara alafu ukae unasubiri majibu. Aliyeianzisha ni padri Mjesuiti wa Italia, Angelo Secchi, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza nyota, mwaka 1865 akawa kwenye meli ya Papa wa Roma huko Bahari ya Mediteranea anashusha sahani nyeupe kuona zinapotelea wapi. Hizo robo nyeusi aliziongeza Mmarekani George Whipple baadaye. Miaka 150 na zaidi na wanasayansi wa maziwa bado wanaitumia, mimi kifaa cha hivyo nakipa shikamoo.

Haya tuje kwenye hii tuliyonunua. Sahani yenyewe sina neno, plastiki nene, imegongwa sana na mawe na ubavu wa boti na rangi haijabanduka, nyeupe yake haing'ai kwahiyo jua halikurudishii mwanga machoni. Uzito ndo kidogo umepungua, upepo ukija boti linasogea na kamba inalala mshazari, na kamba ikilala mshazari unasoma mita nyingi kuliko kina chenyewe, tukaongeza kipande cha chuma chini ikatulia.

Kamba sasa. Jamani hiyo kamba. Ni ile laini inayovutika, alama zimechorwa kwa kalamu ya wino, baada ya kulowa mara kadhaa alama zingine zimekuwa kivuli tu unabaki kukisia. Tuliilowesha tukaivuta tukailaza pembeni ya futi kamba, alama ya mita 3 ilikuwa imeshaipita mita 3 yenyewe. Kwa mtu anayesoma haraka inaonekana jambo dogo lakini fikiria, kamba ikivutika wewe unasoma kina kifupi kuliko ilikofika sahani, yaani ziwa lako linaonekana chafu kuliko lilivyo, na kila mwaka inavyozidi kuvutika unaandika kwamba hali inazidi kuwa mbaya wakati kinachoharibika ni kamba. Muuzaji tulimwandikia akajibu kwamba ndo kamba zinavyokuwa. Sawa. Tumeitupa, tumeweka isiyovutika, tumefunga vile vibanio vya plastiki vya kubania nyaya kila baada ya sentimita 10, rangi nyingine kwenye kila mita, na mwanzo wa kila msimu inalazwa tena pembeni ya futi kamba.

Kuhusu matumizi, maelezo yaliyokuja ndani ya boksi ni kikaratasi cha picha tatu, hayatoshi kabisa. Pima kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni jua likiwa juu, inamia upande wa boti wenye kivuli, vua miwani ya jua (kuna kijana wetu alikuwa hataki kuvua, anasema anaona vizuri zaidi, bishana naye), tia nanga, na mahali pawe pale pale kila mara, hasa sehemu ya kina kirefu. Ukipima leo mdomoni mwa mto na kesho katikati hujapima kitu. Na sahani ikigusa chini bado unaiona, usiandike hicho kina kama namba ya kawaida, andika kwamba imeonekana mpaka chini.

Kusoma kwenyewe kuna utamu wake. Robo nyeusi zinatangulia kuyeyuka, zile nyeupe zinaanza kugeuka kijani kijani, alafu inabaki kama weupe fulani hivi ambao huna uhakika upo au ni akili yako, mmoja anasema imeenda, mwingine anasema naiona naiona shusha kidogo. Kwetu watu wawili wanasoma kila mmoja kivyake bila kuambiana, tunaandika zote. Tofauti huwa haizidi upana wa sahani yenyewe, na hiyo inavumilika.

Namba ukishaipata unaitafsiri vipi? Robert Carlson, mwanasayansi wa maziwa, mwaka 1977 alitoa kipimo cha alama za hali ya ziwa ambacho kinasaidia sana, mita 4 ni alama 40, mita 2 ni 50, mita 1 ni 60, nusu mita ni 70. Uwazi ukipungua nusu alama inapanda 10. Ukishavuka 50 ujue ziwa limeshalishwa virutubisho kupita kiasi, mwani (vile vimea vidogo vinavyofanya maji yawe kijani) unashiba. Carlson huyo huyo ndo alikuja kuanzisha mwaka 1994 mpango wa watu wa kawaida kupima maziwa yao kwa diski hii na kuzikusanya namba pamoja, kwahiyo ukisikia mtu anakwambia hii ni michezo ya watoto mwache aongee.

Sababu kubwa ya mimi kuipenda ni vikao vyetu. Zamani kikao cha ziwa kilikuwa cha kunyoosheana vidole, wenye mashamba wanasema vyoo, wenye nyumba wanasema maboti, wenye maboti wanasema mvua, kila mtu anaondoka na hasira zake na ziwa linabaki vile vile. Sasa hivi kuna karatasi ukutani yenye mstari unaopanda na kushuka na mtu yeyote anayebisha anaambiwa njoo upande boti ushike kamba mwenyewe. Tumeona mvua kubwa ikinyesha namba inaanguka, tope likituama inarudi. Lakini kuna kipindi haikurudi, maji yalibaki kijani wiki nzima nzima bila mvua yoyote, na hapo ndo wenye mashamba na wenye vyoo wakakubali kukaa meza moja kuongea mbolea na mashimo ya maji taka. Kulikuwa na waliosema fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea na maji taka, inasingiziwa tu kwamba ndo inalisha mwani. Tukawapa mfano wa ziwa la majaribio namba 226 huko Ontario, Kanada, mwaka 1973 mwanasayansi David Schindler na wenzake walilikata katikati kwa pazia, pande zote mbili wakaweka kaboni na nitrojeni, upande mmoja tu wakaongeza fosforasi, huo ndo uligeuka kijani na picha ya kutoka angani ipo. Na Ziwa Washington pale Seattle, maji taka yalikuwa yanamwagwa humo mpaka uwazi ukashuka karibu na mita 1, wananchi wakapiga kura 1958 kuunda chombo cha kuyaondoa, ikafika 1968 yote yamehamishwa, miaka michache mbele diski inaonekana mita 3 na zaidi. Kura na mabomba. Tumeanza na vitu vyetu vidogo, ukanda wa majani na vichaka ufukweni usifyekwe, mbolea isimwagwe kabla ya mvua, shimo la choo linyonywe kabla halijafurika.

Sasa msiibebeshe kazi isiyo yake. Diski haikwambii maji ni salama kunywa, vijidudu vya kinyesi vinaweza kuwa vimejaa kwenye maji unayoona mpaka chini. Haitofautishi tope na mwani, hiyo unaangalia rangi mwenyewe, na maziwa ya maji ya kahawia kwa sababu ya majani yaliyooza yatapata alama mbaya bila kosa. Na uwazi mwingi si afya siku zote, Ziwa Michigan huko Marekani maji yake yamekuwa maangavu sana kwa sababu kome wageni kutoka upande wa Bahari Nyeusi wanachuja chakula chote, samaki wadogo wanabaki hawana cha kula. Kwahiyo mara moja moja bado tunapeleka chupa maabara kupima fosforasi na vijidudu, hilo halikwepeki.

Nyota 4 kwa sahani, nyota 1 kwa kamba. Wenye fundi wa karibu mnaweza hata kuchonga wenyewe, kipande cha plastiki, rangi nyeusi na nyeupe isiyong'aa, boliti yenye jicho na uzito, itapima sawa tu ilimradi upana ni huo wa sentimita 20. Ila kikundi kikiwa na watu wengi nunueni mbili, yetu ilishawahi kukaa kwa mtu siku ya kupima naye kasafiri, ufunguo wa nyumba kasafiri nao.