Uzoefu wangu na ramani za topografia za milima ya Appalachia

Tangu nihamie Knoxville, Tennessee, nimekuwa nikitumia ramani za topografia za USGS, shirika la jiolojia la serikali ya Marekani, ambazo hupakuliwa bure kwenye tovuti yake ya topoView. Iliyonigusa kuliko zote ni ya eneo la kijito cha Noland Creek, ng'ambo ya milima, katika jimbo la North Carolina.

Skeli yake ni 1:24,000, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita 240 za ardhi. Kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, zimebanana mno pande zote mbili za kijito, ishara ya mteremko mkali, zikaacha ukanda mwembamba tu chini, na hata kabla sijafika nilielewa kwa nini wakazi wa zamani walijenga nyumba zao kwa kufuata maji. Majina nayo yanasema: Bearpen Branch ni kijito cha mtego wa dubu.

Watu hao walihamishwa miaka ya 1940, Bwawa la Fontana lilipojengwa na ziwa lake likafunika barabara yao. Ramani haisimulii kisa hicho, lakini imeyatunza makaburi: herufi tatu tu, "Cem" (kifupi cha "cemetery", makaburi), kando ya alama ndogo mlimani. Nilifuata alama moja, nikapanda huku nikihesabu kontua, nikakuta mawe yaliyosimikwa bila maandishi, mengine yakiwa na maua ya plastiki. Jamaa za marehemu bado huja kuyapamba, na wenye makaburi ya mbali zaidi huvushwa ziwa kwa boti. Nilikaa pale kitambo, kwa kuwa najua uzito wa kuwa mbali na kaburi la babu.

Tahadhari moja: duka lililonichapishia liliipunguza ramani ili ienee kwenye karatasi yao, hivyo vipimo vyangu vya rula vyote vikawa na makosa, hadi nilipotumia mstari wa skeli uliochorwa chini, ambao hupungua pamoja na ramani yenyewe. Mwambie mchapishaji mapema asibadilishe ukubwa.

Matoleo mapya, US Topo, yaliyoanza 2009, ni mazuri kwa barabara za sasa, ila hayana vile vimraba vyeusi vilivyoonyesha nyumba moja moja. Anayetaka kujua watu waliishi wapi, achukue matoleo ya zamani; lakini kwa kutumia dira, asome pembe iliyopo kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi kwenye toleo jipya, maana imesogea tangu yale ya zamani yachapishwe.