Ironman ya Ghostface Killah: rapa mkali juu ya muziki wa kulia

Sidii ya Ironman niliipata Darajani, kwenye meza ya mitumba, kwa shilingi 8,000, kasha lake likiwa limepasuka na kijitabu cha ndani kikiwa kimeloa zamani na kukauka. Hata hivyo, kwa anayetaka kusikia jinsi rapa mgumu anavyoweza kusimama juu ya muziki wa mapenzi bila ya kulegea, sijui albamu nyengine ya kuanzia.

Albamu hii ilipotoka mwaka 1996, Ghostface Killah hakuwa mgeni. Katika albamu ya kwanza ya Wu-Tang Clan, kundi lenye asili ya Staten Island, New York, iliyotoka mwaka 1993, ubeti wa mwanzo kabisa ni wake, ingawa siku hizo alikuwa akiuficha uso wake. Na mwaka 1995 alisikika sehemu nyingi sana katika albamu ya mwenzake Raekwon. Midundo ya RZA, mtayarishaji wa muziki wa Wu-Tang, katika kazi ya kundi ilikuwa mikavu na ya kutisha. Hapa RZA huyo huyo, aliyetengeneza takriban nyimbo zote, amezigeukia santuri za soul, muziki wa hisia wa Wamarekani weusi.

Kilele chake ni "All That I Got Is You". Ghostface anasimulia utoto wa watu 15 katika nyumba ya vyumba vitatu, wakiwemo ndugu zake wawili wa kiume wenye maradhi ya kudhoofika misuli, huku chini yake ukipita muziki uliochukuliwa kutoka "Maybe Tomorrow" ya Jackson 5 na Mary J. Blige akiimba kiitikio. Anayataja mambo hayo kama mtu anayesoma daftari la madeni dukani, kwa kuwa kilio chote kimeachiwa sampuli, yaani kile kipande kilichochukuliwa kwenye wimbo wa zamani. Aliyezoea taarab ataielewa kazi hiyo mara moja: mwimbaji ametulia, fidla ndiyo inayolia.

Ufundi huo unageuzwa katika "260", ambamo sauti laini ya mwimbaji wa soul Al Green inasindikiza hadithi ya uporaji, na utamu wa wimbo unaifanya hadithi iogopeshe zaidi. "Camay" imejengwa juu ya wimbo wa Teddy Pendergrass, mwimbaji mwengine wa soul, nayo inapendeza bila ya kushangaza. Katika "After the Smoke Is Clear" hawakutosheka na santuri: The Delfonics wenyewe, wakongwe wa soul, wamealikwa kuimba. Wapo wanaouita uchukuaji huu wizi, lakini hapa Unguja, ambako lahani za Misri zilivishwa maneno ya Kiswahili na nyimbo zikapendwa, sioni lawama hiyo itakaa wapi.

Kasoro kubwa ni wageni. Raekwon na Cappadonna wamo hata kwenye picha ya jalada, jambo ambalo lingekuwa heshima tu kama wasingechukua nafasi kubwa kiasi hiki. "Assassination Day" haina sauti ya mwenye albamu hata kidogo. Aidha, "Wildflower" imejaa matusi kwa mwanamke, kwa hivyo isifunguliwe sebuleni mbele ya wazee.

Mimi huanza na wimbo wa 4, "260", nikauruka wa 5, "Assassination Day", kisha nikarudia wa 15, "All That I Got Is You", mara mbili.