Sola: mpako wa bluu au chembe nano za fedha?
Hapa Ngamiani, Tanga, ubishi wa sola hauishi, juzi barazani jamaa kaja na hili la chembe nano, yaani vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho, eti vya fedha vichukue nafasi ya ule mpako wa bluu. Iko hivi, silikoni, ile malighafi ya seli za sola, ikiwa tupu inarudisha zaidi ya asilimia 30 ya mwanga, kwa hiyo viwandani wanaipaka silikoni naitraidi, nyembamba hatari, kama nanomita 75 hivi (nanomita ni mita ukiigawa mara bilioni), ndo ule ubluu mnaouona. Bei poa, imezoeleka, na juu kuna kioo kinachoikinga na chumvi ya bahari, we kazi yako kufuta vumbi tu.

Sasa chembe za fedha (ile ya pete, sio ya mfukoni 😄) zenyewe zinautawanya mwanga upite kiubavu ndani ya seli, safari inakuwa ndefu na mwingi unanaswa. Zikiwa uchi zinaliwa na kutu yake na pale zinapogusa seli umeme unapotea, ndo maana zinavishwa koti la silika, kitu kama kioo. Ila fedha nayo inameza mwanga kidogo unageuka joto, na bei je? Bado ni mambo ya maabara zaidi.

Unataka taa na feni Raskazone, chukua bluu. Mwanafunzi unahangaika na seli nyembamba kama utando, hapo chembe zinakufaa, kwenye silikoni nene faida yake ndogo.